Msindano na uyoga wa utelezi: wageni wawili wa Mufindi

Kila anayezungumzia msitu wa Sao Hill huanza na miti, na si ajabu, kwa sababu miti ndiyo inayoonekana kutoka barabarani na ndiyo yenye bei. Shamba hilo la serikali lililoko wilayani Mufindi, mkoani Iringa, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa nchini Tanzania: lina zaidi ya hekta 135,000 ukijumlisha na maeneo yasiyopandwa, majaribio yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1939, na upandaji wa eneo kubwa ukafuata katika miaka ya 1960 na 1970. Miti yake huhesabiwa ingali miche kitaluni, huhesabiwa tena inapopunguzwa, na mwisho hupimwa kwa mita za ujazo kabla ya kuvunwa. Chini ya miti hiyo, hata hivyo, kuna kiumbe cha pili ambacho hakimo katika daftari lolote nililowahi kuonyeshwa, ingawa bila hicho, au bila kingine cha aina yake, msitu wenyewe usingesimama.

Ninakusudia kuwalinganisha viumbe hao wawili. Wa kwanza ni msindano wa Meksiko, ambao jina lake la kisayansi ni Pinus patula, na ambao huku kwetu wengi huuita paina tu. Wa pili ni uyoga unaoota chini yake wakati wa mvua, Suillus granulatus, ambao nitauita uyoga wa utelezi kwa sababu ya ute ulioko juu ya kofia yake. Kulinganisha mti na uyoga kunaweza kuonekana hakuna maana, kwa kuwa mmoja hufikia urefu wa mita 30 na mwingine hukanyagwa bila mtu kujua. Lakini ninaamini kwamba viumbe hawa hawaeleweki kila mmoja peke yake. Wanahitajiana, ila hawahitajiani kwa kiwango kilekile, na safari iliyowaleta Afrika Mashariki ndiyo iliyobadili mizani ya uhitaji huo.

Mti huu asili yake ni milima ya mashariki mwa Meksiko, kuanzia Tamaulipas upande wa kaskazini hadi Oaxaca upande wa kusini, kwenye miinuko ya kati ya mita 1,500 na 3,100 hivi, mahali penye ukungu mwingi na mvua za kutosha. Ulielezwa kisayansi mwaka 1831, na Afrika Kusini ikaanza kuupanda mwaka 1907. Sindano zake zina urefu wa sentimita 15 hadi 25, kwa kawaida huota tatu tatu katika kifungo kimoja, na badala ya kusimama hulegea na kuning'inia, kiasi kwamba upepo mdogo tu huutikisa mti mzima kwa namna ambayo msindano wa aina nyingine hautikisiki. Gome la sehemu ya juu ya shina lina wekundu wa kutu na hubanduka vipande vyembamba, ilhali lile la chini ni nene, la kijivu, lenye nyufa ndefu. Koni zake ngumu, ambamo mbegu hukaa, hung'ang'ania tawi kwa miaka kadhaa, zikiwa katika vikundi, na baadhi hazifunguki mpaka zipate joto kali. Ndio mti unaotoa mbao za kuezekea nyumba zetu na magogo yanayosagwa kuwa karatasi katika kiwanda cha Mgololo, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980. Na kwa wakulima wadogo wa Mufindi, Kilolo na Njombe, ekari moja ya misindano ni ada ya sekondari ya mtoto ambaye leo yuko darasa la kwanza.

Haikuwa lazima uwe msindano huu. Katikati ya karne iliyopita Kenya na Tanganyika zilikuwa zimeweka matumaini makubwa kwa msindano mwingine, Pinus radiata wa pwani ya California, ambao hukua haraka na una mbao nzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukaingia ugonjwa wa sindano unaosababishwa na kuvu aitwaye Dothistroma, ambaye huacha mikanda myekundu kwenye sindano na kuziangusha kabla ya wakati wake, na miche na miti michanga ya radiata ikaathirika kiasi kwamba upandaji wake ulisimamishwa. Patula haukudhurika vile, nao ukachukua nafasi. Kwa hiyo hata uchaguzi wa mti tunaouona leo kandokando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya ulifanywa kwa kiasi fulani na kuvu, jambo ambalo wasifiaji wa msindano hulisahau.

Uyoga wa utelezi ni wa upande mwingine wa ukoo huo mpana wa kuvu, yaani upande wa wanaojenga. Huanza kuonekana mvua za Novemba zikishashika, na huendelea kuchipuka kwa awamu hadi mvua zinapokaribia kukatika. Kofia yake ina upana wa sentimita tano hadi kumi, rangi yake ni ya chungwa iliyofifia au ya kahawia, na ikilowa hutoa ute unaonata vidoleni na kukusanya sindano zilizokufa, hata mara nyingi kinachoonekana kwanza ni uvimbe mdogo tu katika zulia la sindano. Ukiugeuza, hukuti zile pindo nyembamba zilizo chini ya kofia ya uyoga wa kichuguu. Unakuta sifongo ya manjano yenye matundu madogo madogo, na uyoga ukiwa mchanga matundu hayo hutoa matone meupe ya rangi ya maziwa. Sehemu ya juu ya shina lake ina chembe ndogo za kahawia. Shina halina pete, na hiyo ndiyo alama ya haraka ya kuutofautisha na ndugu yake, Suillus luteus, ambaye pia hupatikana katika mashamba ya misindano katika nchi nyingi. Ngozi ya kofia hubanduka kwa kucha kuanzia ukingoni hadi katikati. Nyama ya ndani ni ya manjano hafifu na haibadiliki rangi inapokatwa. Yote haya hudumu siku chache tu, kwa sababu mabuu ya inzi hayachelewi, na katika muda mfupi sifongo ile huwa imegeuka uji.

Kinachookotwa, hata hivyo, ni kiungo cha uzazi tu. Mwili wa uyoga uko ardhini, nao ni mtandao wa nyuzi ambazo kila mmoja una unene wa sehemu chache za elfu za milimita, yaani ni mwembamba kuliko unywele kwa mara nyingi. Njia rahisi ya kuuona bila darubini ni kupiga magoti chini ya msindano wa miaka kumi hivi, kuondoa kwa mkono tabaka la juu la sindano kavu, kisha lile la chini ambalo limekwisha kuoza na kushikamana, mpaka ufikie pale udongo mwekundu unapoanza. Hapo utakuta mizizi myembamba ya mti, na kwenye ncha zake utaona vijitawi vifupi vinene vinavyogawanyika viwili viwili kwa umbo la herufi Y, vingine vikigawanyika tena na tena hadi vikawa kichaka kidogo. Kutoka kwenye vijitawi hivyo huenda nyuzi nyeupe au za rangi ya maziwa yaliyoganda, baadhi zikiwa zimesokotana na kuwa kamba nyembamba zinazoonekana vizuri kwa macho, zikikatiza udongo kwa urefu ambao mzizi wenyewe haujafika. Uyoga wa jamii ya Suillus unajulikana kwa kamba hizo ndefu. Aina nyingine nyingi huishia karibu na mzizi.

Kile kijitawi si mzizi peke yake na si uyoga peke yake. Mjerumani Albert Bernhard Frank alikipa jina la mikoriza mwaka 1885, baada ya kuona kwamba ncha za mizizi ya miti mingi ya misituni zimefunikwa na ala la nyuzi za kuvu kama soksi inavyofunika mguu. Chini ya ala hilo nyuzi huingia katikati ya seli za nje za mzizi na kuzizunguka, lakini haziingii ndani ya seli, na ni katika mipaka hiyo ya seli na uzi ndipo biashara yote inapofanyika. Mti hutoa sukari iliyotengenezwa kwenye sindano kwa usanisinuru, na kiasi chake si kidogo, kwani makadirio mengi huifikisha hadi asilimia 20 ya sukari yote. Uyoga hutoa fosforasi, naitrojeni na maji. Katika udongo mwekundu wenye tindikali wa nyanda za juu, ambao hushikilia fosforasi kwa nguvu na kuuachia mmea kidogo sana, msindano wenye mizizi isiyo na nyuzi hizo unaweza kuzungukwa na chakula na bado ukafa njaa.

Tofauti za viumbe hawa ni kubwa zaidi ya zile za ukubwa na umbo. Kuta za seli za msindano zimejengwa kwa selulosi na kuimarishwa kwa lignini, na ndiyo sababu mti unasimama kwa miaka na kubeba paa la nyumba baada ya kufa. Kuta za seli za uyoga zina kitini, dutu ileile inayojenga magamba ya wadudu. Msindano huhifadhi akiba yake kwa umbo la wanga, uyoga huihifadhi kwa umbo la glikojeni, sawasawa na ini la binadamu. Kwa nasaba, wanabiolojia wamekwisha kuonyesha kwamba kuvu wako karibu zaidi na wanyama kuliko mimea, kwa hiyo uyoga wa utelezi ni jamaa wa karibu zaidi wa mwenye msumeno kuliko wa mti anaoukata. Mti hujilisha kwa mwanga. Uyoga, kama sisi, hula kilichotengenezwa na mwingine. Na tofauti na kuvu wanaoozesha magogo, jamii ya Suillus imepoteza sehemu kubwa ya vimeng'enya vya kuvunja mbao, hivyo kisiki kilichojaa lignini hakiwezi kuulisha hata kikiwa kimelala juu yake.

Hapa ndipo uhitaji wao unapotofautiana. Msindano ukiwa kwao unaweza kushirikiana na kuvu wa aina nyingi mno, baadhi wakifaa miche, wengine miti iliyokomaa, wengine udongo mkavu na wengine udongo wenye maji. Akikosekana mmoja, mwingine huchukua nafasi. Uyoga wa utelezi hauna uhuru huo. Jamii yake karibu yote imefungamana na miti ya familia ya msindano, na wenyewe umefungamana na misindano hasa, kiasi kwamba spora yake, yaani chembe yake ndogo ya uzazi, ikidondoka kwenye nyasi za Mufindi au chini ya mti wa miombo haina maisha. Kwa asili, basi, mti ndio wenye nafasi ya kuchagua na uyoga ndio unaosubiri kuchaguliwa.

Safari ndiyo iliyoibomoa hali hiyo. Mbegu ya msindano husafirishwa ikiwa safi na kavu, ndani ya gunia au mfuko, na haibebi mikoriza yoyote. Mikoriza haimo ndani ya mbegu, imo katika udongo. Mbegu ikifika nchi ambayo haijawahi kuwa na misindano, inaota vizuri, mche unatoka kijani, unatumia akiba ya mbegu, kisha unasimama. Sindano zinageuka manjano au zambarau, na mche unabaki wa urefu wa kidole hadi unapokufa. Ndivyo ilivyotokea Puerto Rico, ambako tangu miaka ya 1930 walijaribu misindano ya aina nyingi na kila jaribio likashindwa, mpaka mwaka 1955 ulipoletwa udongo kutoka chini ya misindano ya North Carolina, na miche iliyopata udongo huo ikaanza kukua wakati majirani zake wakiendelea kudumaa. Huko Australia Magharibi taarifa ya namna hiyo ilichapishwa mwaka 1927: vitalu vipya vilikuwa vikikataa misindano hadi vilipochanganywa na udongo wa mashamba yenye misindano yenye afya. Hakukuwa na mbolea iliyoweza kufanya kazi hiyo.

Msaipresi, ambao pia ni mti wa koni na ambao umepandwa sana Kenya na Tanzania, haukuwahi kupata tabu hiyo. Mizizi yake hushirikiana na kuvu wa aina nyingine kabisa, wale wanaoingia ndani ya seli na wasiotoa uyoga wa kuonekana, ambao wamejaa karibu kila udongo duniani, ukiwemo wa shamba la mahindi. Miti yetu ya asili ya koni, mwangati na podo, iko upande huohuo wa msaipresi, na kwa hiyo haikuwa na chochote cha kumkopesha mgeni kutoka Meksiko. Miti ya miombo ndiyo iliyo na mikoriza ya ala kama ya msindano, na ndiyo sababu misitu yake ina uyoga mwingi na mtamu, lakini kuvu wake kwa sehemu kubwa wamezoea miti yao na hawakujitokeza kuupokea msindano. Mti uliokuwa na washirika wa kuchagua ukajikuta unategemea wale wachache waliobebwa kwa bahati, ndani ya bonge la udongo lililozunguka mizizi ya miche iliyosafirishwa. Uhuru wake ulibaki Meksiko.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni kwamba uyoga wa utelezi nao haukutoka Meksiko. Asili yake ni misitu ya misindano ya Ulaya na Asia. Mwanasayansi wa Sweden, Linnaeus, aliupa jina mwaka 1753, ingawa yeye aliuweka katika jenasi ya Boletus. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ule unaofanana nao huko Amerika ya Kaskazini ni huohuo, lakini uchunguzi wa vinasaba umeutenga ule wa Amerika ukawa spishi yake, Suillus weaverae. Ina maana kwamba mti wa milima ya Meksiko na uyoga wa misindano ya Ulaya, ambao mababu zao waliishi pande mbili za bahari, wamekutana ugenini na kuishi pamoja bila kusuluhishwa na mtu. Mmoja aliingia kwa nyaraka, na mbegu zake zikaandikwa tarehe na mahali zilipotoka. Mwingine aliingia ndani ya tope.

Umri wao pia haulinganishiki kirahisi. Msindano wa Sao Hill huvunwa ukiwa na miaka kati ya 18 na 25, na shamba la mtu binafsi mara nyingi huvunwa mapema zaidi, kwa kuwa shida haisubiri kipenyo. Uyoga unaoonekana huishi siku chache, lakini mtandao ulio chini unaweza kuishi miaka mingi na kupanuka. Watafiti wa Sweden waliochunguza ndugu yake, Suillus bovinus, katika misitu ya misindano ya huko, waligundua kwamba msitu mchanga huwa na mitandao mingi midogo, kila mmoja ukiwa kiumbe tofauti kwa vinasaba, ilhali msitu mkongwe huwa na michache iliyosambaa kwa mita kumi na zaidi. Bwana miti hupunguza misindano kwa panga na msumeno ili inayobaki inenepe. Chini ya miguu yake uyoga hufanya upunguzaji wake wenyewe.

Msumeno ukipita na kuvuna shamba lote, sukari hukatika, na mtandao hufa pamoja na mizizi. Kinachobaki ni spora. Kila moja hutengenezwa juu ya seli ndogo ndani ya matundu ya sifongo, kwa kawaida nne nne, na kofia moja hutoa spora nyingi kupita hesabu, ambazo upepo hubeba baadhi yake na nyingine huteremka na maji ya mvua hadi kwenye udongo, zikakaa humo zikiwa hai kwa miaka, zikisubiri mzizi wa msindano. Msindano nao hutegemea upepo, chavua yake ikiwa na vifuko viwili vya hewa, lakini mambo yake huenda polepole: koni huchukua karibu miaka miwili tangu kuchavushwa hadi mbegu kukomaa. Ndiyo maana mzunguko wa pili wa upandaji, pale palipokuwa na misindano, haupati tena tabu ya mzunguko wa kwanza. Uyoga huwa umekwisha kuweka akiba.

Akiba hiyo ina sura ya pili isiyopendeza. Msindano hauwezi kuvamia ardhi isiyo na kuvu wake, kwa hiyo pale spora zinapotangulia, mti hufuata. Mlima Mulanje nchini Malawi umekwisha kuvamiwa na msindano huu wa patula, unaojiotea wenyewe kwenye nyasi na kando ya misitu ya asili, na kazi ya kuung'oa haiishi. Kuhusu kaboni nako kuna la kufikiriwa. Mwaka 2001 watafiti waliripoti kutoka nyanda za juu za Ecuador, ambako Pinus radiata ulipandwa kwenye nyasi na uyoga wa Suillus luteus ukashamiri chini yake, kwamba udongo ulikuwa umepoteza hadi asilimia 30 ya kaboni yake katika muda usiofika miaka 20, na waliuhusisha uyoga huo na hasara hiyo. Nyasi za Ecuador si nyasi za Mufindi, na sidai kwamba matokeo ni yaleyale. Lakini siku hizi, wakati kila mwenye ekari mbili anaahidiwa fedha za hewa ya ukaa, ningependa wanaopima shina wapime na udongo.

Kuhusu chakula, Ecuador hiyohiyo inatoa mfano wa kupendeza zaidi. Wanakijiji wa Salinas, katika mkoa wa Bolívar, huokota uyoga wa misindano, huukata vipande, huukausha na kuuuza, na biashara hiyo imekuwa sehemu ya kipato chao kabla mti haujafikia kuvunwa. Uyoga wa utelezi unalika pia, ukibanduliwa ngozi, kwa kuwa ute wake huweza kulisumbua tumbo, na ukipikwa vizuri ungali mchanga. Ladha yake ni ya wastani. Sitaisifu kuliko inavyostahili, na mtu aliyelelewa kwa uyoga wa miombo hatashangilia. Majirani zangu wengi hawaugusi. Wanasema uyoga wa kweli ni ule ambao bibi aliujua, na bibi hakuwa na paina. Hoja hiyo naiheshimu, hasa kwa sababu katika mashamba hayohayo ya misindano huota pia Amanita muscaria, uyoga mwekundu wenye madoa meupe, ambao ni sumu na ambao madoa yake huweza kusafishwa na mvua ukabaki wa rangi ya chungwa. Tofauti iko chini ya kofia: huo una pindo nyeupe, wa utelezi una sifongo ya manjano. Asiyeona tofauti hiyo kwa uhakika aache yote miwili.

Faida kubwa ya kuujua uyoga huu, kwa mkulima, iko kitaluni. Mama mmoja mwenye kitalu nje kidogo ya Mafinga alinionyesha viriba vyake, ile mifuko ya kuoteshea miche, akaniambia, "Huu udongo wa msituni, mwanangu, ndio mbolea yenyewe, bila huo paina haiendi." Kwamba haiendi, amesema kweli. Kwamba ni mbolea, ndipo ninapotofautiana naye, kwa sababu anayeamini kuwa ni mbolea huona hakuna ubaya kuongeza na ya dukani, na mche ukishiba fosforasi na naitrojeni ya mfukoni hauna tena sababu ya kumlipa uyoga sukari. Mikoriza hupungua, na mche unakwenda shambani ukiwa mnene wa sindano na mtupu wa mizizi. Udongo wa msituni unaletwa kwa ajili ya kilicho hai ndani yake. Unafaa kuchukuliwa chini ya misindano yenye afya, katika lile tabaka ambamo ncha za Y zinaonekana, mbali na visiki vinavyooza ambavyo huweza kuwa na kuvu wa kuozesha mizizi, na usiachwe ukaanikwa juani kwenye lori kwa siku nzima kabla ya kuchanganywa. Sehemu moja ya udongo huo kwa tisa za udongo wa kawaida hutosha.

Aliye mbali na msitu wa zamani, na hasa anayeanzisha kitalu mahali ambapo paina haijawahi kupandwa, anaweza kutumia uyoga wenyewe. Kofia zilizokomaa, zile ambazo mlaji angezitupa kwa kuwa zimelegea, ndizo zenye spora nyingi. Husagwa ndani ya maji safi, maji hayo huchujwa kwa kitambaa chenye matundu makubwa, kisha miche humwagiliwa ikiwa bado michanga, na kurudiwa baada ya wiki chache. Ni vyema kuacha mistari michache ya viriba bila maji hayo. Ile isiyopata ikibaki mifupi na ya manjano wakati mingine inapanda, mwenye kitalu atajua amefanikiwa. Miche yote ikikua sawasawa, basi spora zilikuwa zimekwisha kufika kwa upepo kabla yake.